Kabla Hujachomeka: Kero za Leaf Iliyotumika

Habari za jioni, ndugu zangu. Wengi mliofika hapa mnawazia gari moja la umeme, Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani, kwa hiyo nitazungumzia hilo hilo. Sifa zake mmeshazisikia kwa wauzaji. Mimi nimekuja na kero.

Tuanze na plagi. Leaf za mwanzo huja na kebo ya Kijapani ya volti 200, mara nyingi ya ampea 15, na kichwa chake hakiingii kwenye soketi zetu za pini tatu bapa. Basi fundi anakikata, anafunga plagi ya kawaida ya ampea 13, gari linachaji, kila mtu anafurahi. Sasa pigeni hesabu. Birika la chai linavuta umeme mwingi dakika tatu, kisha soketi inapumzika. Gari linavuta ampea 15 saa tano, sita, bila kupumua. Na msitegemee fyuzi: fyuzi ya 13 inaweza kuvumilia 15 mpaka alfajiri isikatike. Kinachoshindwa ni skrubu inayobana waya nyuma ya soketi. Inapata moto, inapoa, inalegea. Ikilegea inapata moto zaidi. Ukichomoa asubuhi unakuta pini moja imekuwa ya kahawia na plastiki kuizunguka imevimba. Soketi hiyo ni ya kutupa. Usiipige msasa ukairudisha ukutani.

Tafuta kebo unayoweza kuiwekea ampea 8 au 10, au funga chaja ya ukutani ya ampea 16 yenye laini yake peke yake kutoka kwenye meni: waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, breka ya ampea 20, na RCD, yaani swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30 ya aina A. Ekstensheni iliyoviringishwa sahau kabisa, maana joto halina pa kutokea.

Kuna wanaonunua chaja ya ukutani ya kilowati 7 wakidhani watachaji haraka. Kile kisanduku kinapitisha umeme tu. Chaja yenyewe imo ndani ya gari, na Leaf nyingi za mwanzo zina ya kilowati 3 hivi. Hela imekwenda bure.

Halafu ethi, ule waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Kebo ya kuchajia hupima ethi kabla ya kuruhusu umeme, na nyumba zetu nyingi ethi ni jina tu. Taa nyekundu inawaka, gari linagoma. Hapo fundi mjanja anaunganisha ethi na nyutro, waya wa kurudishia umeme, ndani ya soketi, taa inageuka kijani. Jamani, huo ni mtego. Siku nyutro ikikatika nje, bodi lote la gari linabeba volti 230, na mtoto anayelisogelea pekupeku ndiye anayekuwa ethi. Chimbia fimbo ya shaba, pima, chaji.

Betri. Leaf ya kilowati-saa 24 ina seli 192 na haina mfumo wa kuipoza betri. Inategemea hewa ya nje, nayo hewa ya Dar mnaijua. Dashibodi inaonyesha vibaa 12 vya uzima. Kibaa cha kwanza kinapotoweka, takriban asilimia 15 ya uwezo imekwenda, na kila kinachofuata ni asilimia sita hivi. Tena vibaa hivyo vinaweza kurudishwa 12 kwa kifaa, kisha vikaanza kuporomoka baada ya muda ukiwa umeshalipa. Mwambie muuzaji asome kwa programu ya Leaf Spy, akuonyeshe asilimia ya uzima na tofauti ya volti kati ya seli betri ikiwa karibu kuisha. Betri ikijaa, seli mbovu hujificha.

Ikiwa uzima ni asilimia 65, umebaki na kama yuniti 14, yaani kilowati-saa 14, za kutumia. Kwa kilomita 6 kila yuniti, hizo ni kilomita 84. Anayetoka Kibaha kwenda Posta na kurudi amezimaliza, kiyoyozi hakijawashwa, foleni ya Ubungo haijahesabiwa.

Ile betri ndogo ya volti 12 nayo msiidharau. Ikifa, gari haliwaki hata kama kubwa imejaa.

Nimalizie na LUKU. Ukitembea kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ukiongeza upotevu wa kuchaji, unatumia karibu yuniti 195. Uliye kwenye bei ya mtumiaji mdogo, ile ya yuniti 75 kwa mwezi, gari litakutoa huko, na friji na taa zitaanza kulipiwa bei ya juu pia. Wapangaji wanaochangia mita moja, hapo ndipo ugomvi unapoanzia, kwa sababu gari moja linakula kuliko vyumba vitatu. Ongea na mwenye nyumba mapema, ufunge mita ndogo ya pembeni kwenye laini ya gari, namba zisomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Mita hiyo iwe imeshafungwa kabla gari halijashuka bandarini.