Jinsi ya Kuchagua Begi la Mgongoni la Ukubwa wa Kati kwa Kupanda Milima na kwa Safari

Karibu, ndugu mtazamaji. Katika video hii tutachagua pamoja begi la mgongoni la ukubwa wa kati, yaani la lita 35 hadi 50, ambalo unaweza kulivaa siku kadhaa mfululizo kwenye Mlima Elgon, na wiki inayofuata ukasafiri nalo kwa basi hadi Kabale bila kuhitaji begi la pili. Mezani nina mabegi matatu: mawili ni mapya ya dukani na moja ni la mtumba lililotoka soko la Owino, hapa Kampala. Kando yake kuna tepu ya fundi cherehani, madumu mawili ya maji ya lita 5 na blanketi moja. Ikiwa unavyo vitu hivyo nyumbani, viweke karibu, kwa sababu kazi kubwa ya leo ni kupima. Begi huchaguliwa kwanza kwa mgongo wa atakayelibeba. Rangi na idadi ya mifuko tutaziangalia mwishoni.

Hatua ya kwanza ni kuamua ukubwa, na hapa fikiria safari unayoifanya kweli mara kwa mara. Kwa matembezi ya siku moja, kama vile kuzunguka maporomoko ya Sipi au kupanda Muhabura, wenye mita 4,127, na kushuka jioni, begi dogo la lita 20 hadi 25 linatosha, na hulihitaji hili ninaloliinua sasa. Kwa Elgon mambo ni tofauti. Njia iitwayo Sasa, inayoanzia Budadiri kuelekea kilele cha Wagagai chenye mita 4,321, kwa kawaida huchukua siku nne kwenda na kurudi, na mtu anayebeba vitu vyake mwenyewe atahitaji nafasi ya mfuko wa kulalia, nguo za baridi, nguo za mvua na chakula. Hapo lita 45 hadi 50 ndizo zinazofaa. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba safari ya Rwenzori, iliyo ndefu na ngumu zaidi, huweza kuhitaji begi dogo kuliko la Elgon. Wageni wengi wanaoelekea kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, huenda na wapagazi wanaochukua mzigo mkubwa, na mpandaji hubaki na maji, koti la mvua, chakula cha mchana na nguo moja nzito ya kujikinga na baridi. Kwake lita 30 au 35 zinatosha kabisa.

Usinunue begi la lita 65 kwa hoja kwamba nafasi ya ziada haina hasara. Nafasi iliyo wazi hujazwa, na ikiachwa bila kujazwa, mzigo huyumba ndani kila unapokanyaga. Kipimo cha kawaida kinachotumiwa na wapanda milima ni kwamba mzigo wa safari ya siku kadhaa usizidi takriban moja ya tano ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 60 asibebe zaidi ya kilo 12, na uzito wa begi lenyewe, ambao kwa ukubwa huu huwa kati ya kilo 1 na 2, umo katika hesabu hiyo.

Hatua ya pili ni kupima urefu wa mgongo. Tafadhali simamisha video ikiwa unahitaji mtu wa kukusaidia, kwa kuwa kipimo hiki ni vigumu kujipima peke yako. Mwenzangu aliyesimama mbele ya kamera anainamisha kichwa, nami napapasa chini ya shingo yake hadi nipate ule mfupa unaojitokeza kuliko mingine. Hapo ndipo tepu inapoanzia. Sasa anaweka mikono kiunoni, vidole gumba vikielekea nyuma, huku viganja vikikaa juu ya mifupa ya nyonga. Chora kwa macho mstari unaounganisha vidole gumba hivyo viwili. Tepu inashuka kutoka shingoni hadi kwenye mstari huo, ikifuata mpindo wa uti wa mgongo bila kuvutwa ikanyooka. Kwake tumepata sentimita 46.

Watengenezaji hawakubaliani kikamilifu, lakini kwa wengi wao mgongo ulio chini ya sentimita 45 hivi huingia katika saizi ndogo, kati ya 45 na 50 ni saizi ya wastani, na zaidi ya hapo ni saizi kubwa. Kimo cha mtu hakikuambii lolote la uhakika katika jambo hili. Mtu mrefu anaweza kuwa na miguu mirefu na mgongo mfupi, na ndiyo maana ndugu wawili wanaolingana kimo huweza kuazimana viatu lakini wakashindwa kuazimana begi. Mabegi yaliyoundwa kwa ajili ya wanawake huwa na mgongo mfupi zaidi, mikanda ya mabegani iliyopindwa ili isibane kifua, na mkanda wa kiunoni uliokatwa kwa mwinamo unaofuata nyonga. Mwanamume mwenye mgongo mfupi naye asione haya kulijaribu. Baadhi ya mabegi, kama hili la kijani, yana mgongo unaopandishwa na kushushwa, na kwa familia inayotumia begi moja kwa zamu ningependekeza hayo hata kama bei inapanda kidogo.

Hatua ya tatu ndiyo inayoamua kila kitu: kulivaa begi likiwa na mzigo. Begi tupu hukaa vizuri kwa kila mtu, na muuzaji analijua hilo. Mwombe ruhusa kwa adabu utie uzito ndani; dukani wengi hukubali, na sokoni utapata mtu wa kukuazima hata pakiti za unga. Mimi nafunika kila dumu kwa nusu ya blanketi ili yasigongane, kisha nayaweka karibu na mgongo, usawa wa katikati ya begi, mahali ambapo vitu vizito vinapaswa kukaa hata ukiwa safarini. Sasa tuna kilo 10 na kidogo.

Legeza mikanda yote kabla ya kuvaa. Inua begi hadi juu ya paja, ingiza mkono mmoja, geuka polepole, ingiza wa pili. Usianze na mabega. Anza na mkanda wa kiunoni: uweke ili katikati ya upana wake ifunike mifupa ya nyonga, kisha ufunge na kuukaza. Watu wengi huufunga juu ya tumbo, mahali tunapofungia mkanda wa suruali au juu zaidi, na baada ya nusu saa unabana pumzi huku ukiteremka. Baada ya hapo vuta mikanda ya mabegani mpaka iguse mabega bila kuyakandamiza. Angalia sasa mikanda miwili midogo iliyo juu ya mabega, inayounganisha begi na mikanda mikubwa. Kazi yake ni kulivuta begi lije karibu nawe, na ikikazwa inapaswa kupanda kuelekea nyuma kwa mwinamo wa takriban digrii 45. Ikiwa imelala au inashuka, begi ni fupi kwako. Mwisho funga mkanda wa kifuani, usiukaze sana. Unazuia tu mikanda ya mabegani isiteleze pembeni.

Fanya majaribio haya matatu, ukikaa kwenye kila moja muda wa kutosha. Pitisha kidole chini ya mkanda wa begani, juu kabisa ya bega: kikipita kwa urahisi, nyonga ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Inua kichwa kana kwamba unatazama kilele: kisogo kikigonga begi, litakusumbua kila kwenye mwinuko. Kisha tembea, panda ngazi za jengo na ushuke, kwa dakika 15 au 20. Ukianza kuhisi ganzi au mchomo vidoleni, mikanda inabana neva na mishipa ya damu inayopita chini ya mfupa wa mtulinga. Legeza mpaka uzito urudi kiunoni, na ikiwa hali inaendelea, rudisha begi mahali pake. Tazama pia mkanda wa kiunoni ulipofikia mwisho. Kama umekaza mpaka hakuna tena pa kuvuta, kumbuka kwamba mlimani mtu hupungua, na mkanda huo utalegea siku ya tatu.

Kuhusu sehemu inayogusa mgongo, kuna aina mbili kuu. Moja ina wavu uliotandazwa, unaoacha upenyo wa hewa kati ya mgongo na begi. Nyingine ina sponji yenye mifereji na hulala karibu na mwili. Wavu hupunguza jasho, na kwa anayetembea Karamoja au Kidepo nisingempinga. Lakini wavu husogeza mzigo nyuma, na kwenye njia yenye tope na mizizi, au pale Elgon ambapo unapanda ngazi zilizoegemezwa kwenye mwamba, utahisi begi likikuvuta mgongoni. Kwa milima yetu mimi huchagua sponji na kuvumilia jasho. Kwa vyovyote, hakikisha kuna fremu, yaani vyuma vyepesi au bamba gumu ndani. Lisukume begi kutoka juu kwenda chini kwa mikono miwili. Likijikunja katikati, uzito hautafika kiunoni hata ukikaza mkanda namna gani.

Hatua ya nne ni kukagua ubora, na sasa nalichukua lile la Owino. Sina shaka yoyote kulipendekeza soko hilo, kwa sababu begi la mtumba lenye fremu nzuri humfaa msafiri kuliko begi jipya lililobandikwa jina maarufu ambalo mikanda yake ni pambo. Ligeuze ndani nje. Nailoni nyingi za mabegi hupakwa utando wa plastiki upande wa ndani ili kuzuia maji, na utando huo huharibika kwa unyevu na umri: hunata, hutoa harufu kali, kisha hubanduka kama magamba meupe. Ukiona hivyo, acha, kwa maana hakuna fundi anayeweza kuurudisha vizuri. Bonyeza sponji ya mkanda wa kiunoni. Ikibaki imebonyea, imekufa. Vuta kwa nguvu pale mikanda ya mabegani inaposhonewa, na uhesabu mistari ya uzi. Mstari mmoja hautoshi. Zipu mbovu, kwa upande mwingine, isikutishe. Mafundi wa mabegi na viatu wapo katika kila mji, na kubadilisha kichwa cha zipu au klipu ya plastiki ni kazi ya muda mfupi. Tumia ubovu huo kupunguza bei.

Mvua inastahili neno lake. Kusini mwa nchi misimu mikuu ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, lakini Rwenzori hunyesha mwezi wowote. Kifuniko cha mvua kinachokuja na begi ni kizuri, ila hakifuniki upande wa mgongoni, ambako maji hutiririka kutoka shingoni na kuingia taratibu. Katika misitu kama Bwindi, miiba na mimea inayotambaa huking'ang'ania na kukichana. Kwa hiyo weka mfuko mzito wa plastiki ndani ya begi, panga vitu ndani yake, uzungushe mdomo wake na kuukunja. Mfuko mwembamba wa dukani, kaveera, hautamaliza hata siku moja.

Jinsi begi linavyofunguka ni suala la matumizi. Linalofunguka juu tu ni imara na halina zipu ndefu ya kuharibika, lakini kutafuta soksi kwenye nyumba ya wageni utalazimika kumwaga kila kitu kitandani. Kwa anayechanganya milima na safari za mjini, lenye zipu ya mbele pia ni bora. Jaribu kuchukua chupa ya maji kwenye mfuko wa pembeni ukiwa umelivaa. Usipoifikia, utakuwa unasimama kila mara.

Kwenye boda boda, funga mkanda wa kiunoni na wa kifuani na uchomeke ncha zinazoning'inia ndani ya begi, kwani mkanda unaoweza kufikia gurudumu ni hatari ya kweli. Kwenye teksi, kunja mkanda wa kiunoni kuelekea nyuma na uufunge ukizunguka begi, ili usikwame kwenye viti vya abiria wenzako. Kwa ndege, begi lisilozidi sentimita 55 kwa urefu mara nyingi hukubaliwa ndani, ingawa kikomo cha uzito hutofautiana baina ya mashirika. Soma masharti ya tiketi yako kabla ya kwenda Entebbe.

Ukishanunua, usikate lebo bado. Tia uzito uleule wa madumu, uvae viatu utakavyotumia, na upande mlima wowote ulio karibu nawe, hata kama ni Naguru au Muyenga, kwa muda wa saa moja. Ukirudi, vua shati utazame kwenye kioo. Wekundu au alama pana kwenye nyonga ni za kawaida na hupotea upesi. Alama nyembamba juu ya mabega, karibu na shingo, zinaonyesha kuwa mgongo wa begi ni mfupi au umefunga mkanda wa kiunoni juu mno: ushushe, jaribu tena kesho yake, na alama zikirudi palepale, chukua risiti yako ukabadilishe saizi.