Jikoni kwa Waakadia: fidla mbili, vijiko na miguu ya baba

Asalaam aleikum, ndugu zangu wa Buyenzi, Bujumbura, na popote mnaponitazama. Leo sipo mjini Moncton, upande wa bara. Nimevuka lile daraja la karibu kilomita 13 lililofunguliwa mwaka 1997, nikaingia kisiwa cha Prince Edward, mashariki mwa Kanada, na jiko hili mnaloliona ni la familia ya Waakadia, wazao wa Wafaransa waliohamia pande hizi zamani, iliyonikaribisha tangu jana.

Kwanza tazameni miguu ya baba. Ameketi kwenye kiti cha mezani, fidla begani, na chini ya viatu vyake ametandika ubao mwembamba. Kisigino cha kulia kinagonga, ncha ya kiatu hicho hicho inajibu, mguu wa kushoto unadakia, na wakati wote huo mgongo wake umetulia kabisa. Humu hamna ngoma. Mdundo wote mnaousikia unatoka kwenye ubao ule. Mama ameshika vijiko viwili vilivyopeana mgongo, anavigonga kati ya paja na kiganja. Binti mkubwa yuko kwenye piano, na mdogo wake, ambaye hajamaliza hata shule ya msingi, anapiga fidla ya pili.

Wanaimba Kifaransa, nasi tuliokisomea shuleni tunaelewa mengi, ingawa wazee wa hapa hunyambua vitenzi kwa namna ambayo vitabu vyetu viliiacha zamani. Mababu zao walitoka Ufaransa na kuanza makazi pande hizi mwaka 1604. Mwaka 1755 Waingereza wakaanza kuwafukuza: katika kijiji cha Grand-Pré, Nova Scotia, wanaume na wavulana waliitwa kanisani, wakasomewa amri kwamba ardhi na mifugo yao vimetwaliwa, kisha watu wakapakiwa merikebuni na kutawanywa. Zamu ya kisiwa hiki ilifika mwaka 1758, na merikebu mbili kati ya zilizowabeba watu wake, Duke William na Violet, zilizama baharini zikiwa na mamia ya watu. Wengine waliishia Louisiana, ambako wajukuu wao leo huitwa Cajun. Waliojificha misituni, pamoja na waliorejea baadaye, walikuta mashamba yao yana wenyewe wapya.

Nawaeleza haya kwa sababu bila hayo mtadhani baba, mama na watoto kupiga muziki pamoja ni pambo la jukwaani tu. Watu walionyang'anywa kila kitu walibaki na jiko, na jikoni ndiko nyimbo zilikotunzwa, mzazi akimwimbia mtoto mpaka mtoto azijue kwa moyo. Mpiga fidla aliyekuwa peke yake alilazimika kuwa ngoma pia, ndiyo maana miguu ikapewa kazi.

Katika eneo hili la Évangéline jambo hilo linaonekana wazi. Eddy Arsenault alikuwa mvuvi na mpiga fidla mashuhuri, na watoto wake Albert na Hélène walikuwa nusu ya Barachois, kundi la watu wanne ambao wote ukoo wao ni Arsenault, jina lililoenea hapa kiasi kwamba ukiliita barabarani watageuka wengi. Walizunguka nchi nyingi na muziki huu wa jikoni. Baada yao wakaja mapacha Emmanuelle na Pastelle LeBlanc wa kundi la Vishtèn, nao huimba na kugonga miguu wakiwa wameketi, kwa pamoja kiasi kwamba ukifumba macho huwezi kujua mguu upi ni wa nani.

Turudi humu jikoni. Jana usiku, katikati ya wimbo, yule mdogo aliinua upinde wake akasimamisha kila kitu: baba alikuwa ameruka pigo moja la kisigino. Baba hakubishana. Aliuweka sawa ubao kwa ncha ya kiatu, akamwomba mtoto aanzishe, na wote wakarudia tangu mwanzo. Nilijikuta natokwa na machozi, kwa sababu hivyo ndivyo marehemu bibi yangu alivyokuwa akikubali tumsahihishe alipokosea ubeti.

Sasa nanyamaza, nawaachia wimbo mzima bila kuukatiza. Vijiko vinaingia kwenye ubeti wa pili, upande wa kushoto wa picha.