Jeni Zinazohama: Jinsi Bakteria wa Udongoni Wanavyoyamudu Mazingira Mapya

Mabibi na mabwana,

Tumezoea kueleza kwamba kiumbe hurithi jeni zake kutoka kwa mzazi, na kwamba mabadiliko huja polepole, kizazi baada ya kizazi. Kwa bakteria wa udongoni maelezo hayo hayatoshi hata kidogo, na ushahidi ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, ulipatikana katika shamba moja nchini New Zealand.

Udongo wa shamba hilo haukuwa na bakteria wa kushirikiana na Lotus corniculatus, mmea wa jamii ya mikunde, na kwa hiyo mbegu zilipandwa pamoja na aina moja tu ya Mesorhizobium loti, bakteria anayejenga vinundu mizizini na kuugawia mmea nitrojeni anayoitoa hewani. Miaka 7 baadaye watafiti walipochunguza vinundu hivyo, walikuta humo bakteria wa aina mbalimbali, wenye kromosomu, yaani molekuli kuu ya DNA ya seli, tofauti na ya yule aliyeletwa, ilhali wote walibeba kipande kilekile cha DNA chenye jeni za ushirikiano huo. Kipande hicho, chenye urefu wa besi, yaani “herufi” za DNA, zipatazo 500,000, hujichomoa kwenye kromosomu, hujifunga kuwa duara, hupenya hadi seli nyingine, kisha hujipachika daima mahali palepale, kwenye jeni ya tRNA ya fenilalanini (molekuli inayobeba asidi amino hiyo seli inapotengeneza protini), pasipo kuiharibu jeni hiyo. Hivyo bakteria wenyeji, ambao tayari waliumudu udongo ule, walipata kwa mkupuo mmoja uwezo ambao mabadiliko ya besi mojamoja yasingeweza kuwapa katika muda mfupi namna hiyo.

Jambo kama hilo linaonekana pia kwa atrazini, dawa ya magugu iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950: jeni ambazo bakteria huzitumia kuivunjavunja ziko kwenye plasmidi, yaani DNA ndogo iliyo nje ya kromosomu na iwezayo kuhamia seli nyingine, zikiwa zimezungukwa na vipande vya DNA vinavyohamahama.

Uhamaji huu, hata hivyo, haumletei mkulima faida kila mara. Huko Australia Magharibi, bakteria walioletwa kwa ajili ya mmea wa malisho uitwao Biserrula pelecinus waliwapa wenyeji kipande cha namna hiyo, na baadhi ya wenyeji hao sasa hujenga vinundu visivyotoa nitrojeni yoyote. Kwa sababu hiyo naona si sahihi kuipima mbolea ya bakteria kwa mavuno ya msimu wa kwanza peke yake. Ni lazima vinundu vichunguzwe miaka kadhaa baadaye, ili ijulikane ni nani hasa anayeishi ndani yake.