Mzee Ndani ya Joho: Picha ya Meya Petersen, Hamburg 1891

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nina picha moja tu, hiyo hapo ukutani. Itazameni kwanza.

Mzee amesimama peke yake. Kichwa kina mvi, joho ni jeusi, na shingoni ana kola nyeupe ya mikunjo, pana kama sinia. Huyu ni Carl Friedrich Petersen, mwanasheria aliyezaliwa mwaka 1809 na kuingia Seneti ya Hamburg, baraza lililoutawala mji, mwaka 1855. Aliyemchora ni Max Liebermann wa Berlin, kwa rangi ya mafuta, mwaka 1891. Petersen alikuwa meya, na miaka 80 alikwishaivuka.

Tusimame kidogo kwenye hilo vazi. Hamburg ya wakati huo ilikuwa na treni, simu na bandari iliyojaa meli za mvuke. Kola kama hiyo watu wengi walikwishaiacha zamani sana. Maseneta waliishikilia kwa shughuli rasmi, kwa sababu mji wao ulijitawala ndani ya Dola ya Ujerumani bila kuwa na mfalme, na heshima ambayo kwingine ilikaa katika taji, kwao ilikaa katika joho. (Ndiyo Hamburg ileile aliyofikia Bi Salme binti Said mwaka 1867, baada ya kuihama Unguja. Petersen alikuwa seneta tayari, na wafanyabiashara wa mji ule walikwishazoea kupakia kauri, yale makombe ya baharini, kutoka Zanzibar na kwenda kuziuza Afrika Magharibi.)

Kazi hii iliagizwa na Alfred Lichtwark, mkurugenzi wa Kunsthalle, jumba la sanaa la Hamburg. Alitaka mji uchorwe na wachoraji walio hai, watu wake na mandhari yake. Lakini wakubwa wa siku hizo walizoea picha ya namna nyingine: rangi inapakwa tabaka juu ya tabaka, ngozi inalainishwa, alama ya brashi haionekani, mwisho vanishi inang'arisha kila kitu. Liebermann hakuwa mtu wa hayo. Alikuwa amekaa Uholanzi majira mengi ya joto, akinakili kazi za Frans Hals, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, mjini Haarlem, na Hals ndiye bingwa wa nguo nyeusi na kola nyeupe, zilizochorwa kwa mkono mwepesi usiorudi nyuma. Nadhani Petersen alipojitokeza na joho lake, Liebermann aliona watu wa Hals wamefufuka.

Sogeeni karibu na kola. Kutoka mlangoni ni kitambaa kilichopigwa pasi kwa uangalifu. Ukikaribia, mikunjo inatoweka, unabaki na michirizi ya rangi, nyeupe na kijivu, mchoraji amepita na kuondoka. Kisha pandisheni macho kwenye uso. Mashavu yamelegea, macho yamechoka. Vazi limesimama imara, aliyelivaa amezeeka.

Petersen aliichukia. Aliona amechorwa ovyo ovyo, amedhalilishwa. Familia yake nayo haikuitaka, na watu wengi mjini wakakasirika pamoja nao. Lichtwark hakuitupa, lakini kwa muda ilibidi ifichwe nyuma ya pazia, humo humo ndani ya jumba lililoiagiza.

Wengi husimulia kisa hiki ili kumlaumu mzee kwamba hakuelewa sanaa. Mimi nakataa. Mtu ametumikia Seneti miaka 36, siku ya kuchorwa anavaa joho la dola, si koti lake la nyumbani. Alikuja ili cheo kichorwe, kile alichokipokea kwa waliomtangulia na atakachowaachia wengine. Alikuwa na haki ya kuumia. Hata hivyo naipenda picha hii kuliko zote za aina yake, kwani sioni dharau popote ndani yake. Anayedharau hamsimamishi mtu wima hivi, wala hamwachii nafasi tupu kiasi hiki pande zote ili jicho lisipate pengine pa kwenda ila usoni kwake.

Agosti 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg na kuua watu zaidi ya 8,000 katika wiki chache. Novemba mwaka huohuo Petersen naye akafariki. Pazia liliondolewa baadaye, na mzee bado yuko Kunsthalle, amesimama vilevile.