Jinsi ya kuandika maelezo ya kazi ya kuchapa kabla hujaomba bei

Haya karibuni tena kwenye video yetu, leo tunaandika karatasi moja tu, ile unayomtumia mchapaji unapoomba bei. Mi kazi yangu ya kila siku ni kukadiria bei za uchapaji, kwaiyo hizi meseji za "habari, naomba bei ya vipeperushi 1000" nazipokea asubuhi mpaka jioni, na kuzijibu siwezi mpaka nikuulize maswali lundo. Na ukiona mchapaji kakupa bei hapohapo bila kuuliza chochote, usifurahi, kuna vitu kavijaza mwenyewe kichwani, na yule wa pili atajaza vya kwake, wa tatu naye vya kwake, halafu we unakaa unalinganisha bei tatu za vitu vitatu tofauti unasema huyu ghali huyu rahisi. Hilo ndo tunalitibu leo.

Fungua Word, notisi za simu, daftari, popote. Juu andika jina la kazi, jina lako, namba na tarehe. Twende.

Kwanza sema ni kitu gani na kitatumikaje. Usiishie kwenye "fomu", andika "fomu itakayojazwa kwa kalamu", maana mtu akisema fomu nzuri ya kung'aa mi naweza nikamwekea ati pepa yenye gilosi, ile karatasi laini ya kung'aa kama ya magazeti ya picha, halafu kalamu ikiteleza juu yake na wino ukipaka mkono mzima, lawama zangu. Kitabu cha kufunguliwa kila siku na kitabu cha kusomwa mara moja kikawekwa kabatini havifungwi sawa. Sentensi moja ya matumizi inatosha, usiniandikie historia ya kampuni.

Idadi. Usiombe idadi moja, omba tatu, mfano 500, 1000 na 2000. Sababu ni kwamba kwenye ofseti, ile mashine kubwa inayochapa kwa pleti za bati, kuna gharama zinaliwa kabla nakala yako ya kwanza nzuri haijatoka, pleti zile, kuipanga mashine, karatasi za kujaribia rangi, na hizo ni zilezile uchape 500 au 5000. Kwaiyo ukiona bei ya 2000 haijafika mara mbili ya 1000 usidhani mtu kakosea hesabu. Dijitali haina pleti, ndo maana idadi ndogo inakaa vizuri huko. Ila we usimpangie mtu mashine, mwambie unachotaka kipatikane, mashine atachagua yeye.

Na kama ni bizinesi kadi, andika majina mangapi na kila jina kadi ngapi. "Kadi 1000 za watu 10", mi hapo sijui ni 1000 kila mtu au 100 kila mtu. Andika "majina 10, kila jina kadi 100, jumla kadi 1000". Ndefu kidogo, ila haina ubishi.

Sasa ukubwa, hapa twende taratibu. Nachukua A4, hii ni milimita 210 kwa 297, naikunja mara tatu, yaani sehemu tatu, kama brosha... aa, haionekani, karatasi nyeupe juu ya meza nyeupe, subirini. Naweka fulana hii nyeusi chini. Haya, sasa mnaona. Ikiwa imekunjwa ni kama 99 kwa 210, ikiwa wazi ni 297 kwa 210. Mteja akiniandikia "brosha ya A4 ya kukunja" najiuliza, ni A4 ikiwa wazi, au ikishakunjwa ndo iwe A4? Maana ikiwa A4 ndo iliyokunjwa mara tatu hivi basi ikiwa wazi ina upana wa karibu milimita 630, hilo ni dude kubwa, karatasi nyingine kabisa, bei nyingine kabisa. Kwaiyo andika zote mbili: ukubwa ikiwa wazi, ukubwa ikiwa imefungwa. Kwa milimita. Na ueleze ya kusimama au ya kulala, hasa kitabu, kwa sababu A5 ya kulala ukiifungua inakuwa ndefuuu na kwenye karatasi kubwa ya mashine haipangiki vizuri kama ya kusimama, karatasi inapotea.

(Dizaina kama unaniangalia, ule upande unaoingia ndani kwenye hii ya kukunja mara tatu upunguze milimita 1 au 2, usipopunguza unajikunja tumbo. Haya, tumetoka nje ya mada.)

Kurasa. Acha kila kitu uniangalie hapa. Ukurasa ni upande MMOJA wa karatasi. Nachukua A4, naikunja katikati mara moja, inakuwa A5, nahesabu: mbele 1, nafungua 2, 3, nyuma 4. Karatasi moja, kurasa nne. Sasa mtu ananiandikia "kitabu cha karatasi 20". Anamaanisha kurasa 20? Au majani 20, ambayo ni kurasa 40? Au hizi kubwa za kukunja 20, ambazo ni kurasa 80? Bei inaweza ikapishana vibaya sana hapo, na kila mtu ana haki ya kusema alielewa hivyo. Andika KURASA, na namba uitoe kwenye PDF yako, ile inayosomeka pale chini, kama dizaina kaipanga ukurasa mmoja mmoja. Kama kaunganisha kurasa mbilimbili, zidisha mwenyewe, na kava ihesabu pembeni.

Narudia kwa sababu hapa ndo ugomvi mwingi unapotokea: kurasa, sio karatasi. Na kava iseme peke yake. "Kurasa 32 za ndani pamoja na kurasa 4 za kava." Ukisema tu "kurasa 32" kuna atakayeihesabu kava humohumo na kuna atakayeiongeza.

Na kama kitabu kinafungwa kwa pini katikati, kurasa lazima zigawanyike kwa 4, si mmeona ile ya kukunja imetoa nne? Kwaiyo 30 haipo. Ni 28 au 32. Ukileta 30 mchapaji atakuachia mbili tupu nyuma, au atakupigia simu siku ambayo hutaki kupigiwa simu.

Karatasi yenyewe. Usiseme "nzito kidogo", nzito kwako sio nzito kwangu. Taja gramu, maana yake ni uzito wa mita moja ya mraba. Karatasi ya kawaida ya printa ni gramu 80, kipeperushi kizuri 130 au 150, kava na kadi mara nyingi 250 mpaka 350. Sasa kama una sampuli unayoipenda na hujui gramu zake, hii naipenda sana, nitawaonyesha. A4 ni sehemu moja ya 16 ya mita ya mraba. Kwaiyo ukipima A4 16 kwa pamoja, uzito unaosoma ndo gramu zenyewe. Nina mizani hapa, na karatasi zangu 16 nishazihesabu, naweka... imejizima. Hizi mizani zinajizima zenyewe ukichelewa. Nawasha tena, sifuri, naweka... taa inapiga kwenye kioo, nageuza... 79, 80, inacheza hapo. Gramu 80! Ilivyoandikwa kwenye pakiti. Kila nikifanya hivi nafurahi kama mtoto. Kama sampuli ni jani moja tu basi mpelekee mchapaji alishike, atakwambia kwa vidole.

Kisha utaje aina: bondi, yaani karatasi ya kawaida kama ya printa, ati pepa ya kung'aa, au isiyong'aa. Mi binafsi napenda isiyong'aa kwa kitu chochote cha kusoma, ya kung'aa inarudisha taa machoni kama mlivyoona kwenye mizani saa hizi.

Rangi ni fupi. Wachapaji wanaandika 4/4, maana yake rangi nne mbele, nne nyuma, hiyo ndo fulu kala pande zote. 4/0 nyuma tupu. 1/1 rangi moja tu, mara nyingi nyeusi, mbele na nyuma. Ukiwa na rangi ya kampuni ambayo lazima ifanane kila mara, taja namba yake ya Pantone, ule mfumo wa kutaja rangi kwa namba, na ujue hiyo ni rangi ya ziada inalipiwa. Kwenye kava sema na upande wa ndani, unachapwa au mweupe? Huo husahaulika kweli.

Umaliziaji: kukunja, kukata, laminesheni (ile plastiki nyembamba inayobandikwa juu), kufunga kwa pini au gundi au spairo, kutoboa, mistari ya kuchania. Taja kila kimoja, ambacho hukukitaja hakijapigiwa bei. Laminesheni sema ya kung'aa au mati, na upande mmoja au miwili. Mati naipenda, ila juu ya kava nyeusi inaonyesha alama za vidole zote, mtu akiishika tu anaonekana kaishika.

Vitabu vya risiti au invoisi zile zinazojinakili, hapa tena ile habari ya karatasi inarudi! Sikilizeni. "Kitabu cha 50." Hamsini nini? Seti 50 za nakala tatu ni karatasi 150 kwenye kitabu kimoja. Andika: vitabu 20, kila kitabu seti 50, kila seti nakala 3, ya juu nyeupe, ya pili njano, ya tatu pinki, namba zinaanzia 0001. Namba usisahau, isije ukaletewa zinazoanzia mwanzo wakati za zamani ziliishia 4000.

Faili. Sema unaleta PDF iliyo tayari au unataka watengeneze, kwa sababu dizaini ni bei nyingine. Iliyo tayari maana yake picha ziwe dipiai 300, yaani nukta 300 kwa inchi, kwa ukubwa utakaochapwa, fonti ziwemo ndani, na rangi inayofika ukingoni izidi milimita 3 kila upande, hiyo ndo blidi, itakatwa. Logo uliyoiscreenshot kwenye wasap sio faili tayari, tusidanganyane.

Mwisho wa karatasi yako weka haya: unataka pruufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, ya namna gani, ya PDF au ya kuchapwa. Tarehe unayohitaji mzigo uwe mkononi, tarehe kamili, "haraka" sio tarehe. Unapelekwa wapi na ghorofa ya ngapi, vitabu ni vizito jamani. Ufungashwe vipi, mi huomba 50 kwa 50. Uliza kodi imo au haimo, bei inadumu siku ngapi, na wakizidisha au kupunguza idadi kidogo inakuwaje, kuna wanaoweka hicho kipengele kwenye masharti yao.

Unatuma karatasi ILEILE kwa wote. Mmoja akiuliza swali zuri, jibu unaliongeza kwenye karatasi, unaandika toleo la 2 juu, unawatumia wote upya, hata wale waliokwisha jibu. Bei zikirudi soma maelezo yao kwanza kabla ya namba ya chini, uone kama wamerudia gramu zako, kurasa zako, kava yako. Kotesheni iliyoandika tu "kitabu, nakala 1000" na bei, irudishe iandikwe vizuri, hata kama ndo rahisi kuliko zote. Hasa kama ndo rahisi kuliko zote.

Fomu tupu ninayoiuza ina nafasi za vitu vyote hivi, linki iko chini, ila ukiandika mwenyewe kama tulivyofanya ni sawa tu. Kama una kazi yenye mambo ya ajabu, boksi, stika za kukatwa maumbo, niandikie kwenye komenti, nitaifanyia video yake, boksi zina balaa lake. Na ukiniandikia, kurasa, sio karatasi.