Sufuri Inapotokea: Safari ya Seli za Kinga Kutoka Mkononi Hadi Kwenye Sahani

Mabibi na mabwana, tuanzie Majengo, Pumwani. Tangu 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, wamefuatilia afya ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono mtaani humo. Baadhi yao walikutana na virusi vya Ukimwi miaka nenda miaka rudi bila kuambukizwa, na katika damu ya baadhi yao zikapatikana seli T, yaani seli nyeupe za kinga, zinazovitambua virusi hivyo. Matumaini hayo yalichangia chanjo iliyoanza kujaribiwa hapa Nairobi 2001. Kinga iliyopimwa ilikuwa hafifu.

Sasa mpimaji anayehesabu seli T zinazoitika virusi akiona sufuri, je, seli hazikuvitambua virusi, au zilikuwa zimekwisha kuharibika kabla ya kuulizwa? Mara nyingi jibu liko kwenye saa za kwanza baada ya sindano.

Damu hukusanywa katika tyubu yenye heparini, dawa inayozuia damu kuganda, ikageuzwa polepole mara nane hadi kumi. Isitikiswe, na isiwekwe kwenye barafu. Hapa wengi hukosea kwa nia njema, kwa kuwa tumezoea kuhifadhi baridini kisichotakiwa kuoza. Damu iliyopoa, au iliyokaa zaidi ya muda wa saa 8, granulositi zake, aina ya seli nyeupe, hubadilika densiti (uzito kwa ujazo): badala ya kuzama na chembe nyekundu, huelea pamoja na limfositi, kundi la seli nyeupe lenye seli T, na kudhoofisha seli T. Nyuzi 18 hadi 25 zinafaa. Na msongamano wa magari mjini umo ndani ya saa hizo 8, haukatwi.

Maabarani, changanya damu na maji ya chumvi ya fosfeti, nusu kwa nusu. Tia mililita 15 za Ficoll, kimiminika cha kutenganisha seli, yenye densiti ya gramu 1.077 kwa mililita katika tyubu ya mililita 50, uinamishe, kisha uteremshe damu ukutani taratibu, kama mililita 30, ikae juu bila kuchanganyika. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 400 g, yaani nguvu mara 400 ya mvutano wa dunia, dakika 30, breki ikiwa imezimwa, kwani breki huvuruga matabaka. Wala usinakili idadi ya mizunguko ya maabara nyingine: mkono wa mashine wenye sentimita 18 unahitaji mizunguko 1,410 hivi kwa dakika, wa sentimita 10 unahitaji 1,890.

Utando mweupe ulio kati ya utegili (maji ya damu) na Ficoll ndio mali yenyewe. Unyonye kwa pipeti, uoshe mara mbili, uhesabu seli kwa rangi ya tripani buluu. Iliyokufa hunywa rangi, iliyo hai huikataa. Mtu mwenye afya hutoa seli milioni moja hadi mbili kwa mililita ya damu.

Kugandisha kunataka utaratibu, kuyeyusha kunataka haraka. Seli milioni 10 kwa kichupa huwekwa katika seramu asilimia 90 na DMSO, kemikali ya kuhifadhi seli, asilimia 10. DMSO huikinga seli na barafu, lakini katika joto la chumba huidhuru, kwa hiyo ikishaingia, usipumzike. Kasha la pombe ndani ya friza ya −80 hushusha joto nyuzi moja kila dakika; kesho yake vichupa vihamie kwenye nitrojeni ya kimiminika. Wakati wa kuyeyusha, maji ya nyuzi 37 mpaka ibaki punje ya barafu, kisha ongeza lishe ya seli yenye uvuguvugu, tone kwa tone.

Sasa ndicho kipimo chenyewe. Kila kishimo cha sahani hupokea seli 200,000 na vipande vya protini ya virusi. Baada ya saa 16 hadi 20 kwenye inkubeta, sahani huoshwa na kutiwa rangi, na kila seli iliyoitika huonekana kwa doa la interferoni gama, protini ambayo seli T huitoa inapoitika. Sahani ikisogezwa kabla ya muda huo kwisha, madoa huota mikia na hayahesabiki. Kwa kulinganisha, vishimo vingine havitiwi kichocheo. Vingine hutiwa PHA, kemikali ambayo huziamsha seli T bila kuchagua.

PHA nayo ikitoa sufuri, andika kwamba sampuli haikupimika. Usiandike kuwa mtu hana kinga. Kisha rudi kwenye fomu uangalie damu ilitolewa lini. Fomu ijazwe kwa mtindo wa saa 24. Saa tatu asubuhi ni 09:00. Muuguzi akiandika 3:00, msomaji ataidhania alasiri, na damu iliyofika mashineni 18:00 ikiwa na umri wa saa 9 itaingia kwenye takwimu kama ya saa 3.