Kemo ya kongosho: kabla hujauliza ipi kali

Haya jamani tukae, dakika zangu ni chache naingia moja kwa moja. Swali ninaloulizwa wodini karibu kila siku ni hili, nesi, kati ya hizi kemo mbili, yaani dawa za kupambana na saratani, ipi kali? Watu wakishaambiwa saratani ya kongosho imefika kwenye ini wanataka dawa kubwa kuliko zote, nawaelewa kabisa, hata mimi ningetaka. Ila mimi huwa narudisha swali: wiki hii mgonjwa kashinda kitandani kiasi gani? Chooni anaenda mwenyewe? Macho bado ya njano?

Naanzia huko kwa sababu ile ya kwanza, FOLFIRINOX, dawa nne kwa mpigo, irinotekani na oksaliplatini zikiwemo, majibu yake yalitoka Ufaransa 2011, wagonjwa 342, nusu ya waliopewa walivuka miezi 11.1 na wa gemsitabini peke yake, kemo ya dawa moja, miezi 6.8. Inavutia eeh? Lakini waliochukuliwa pale ni watu wanaojiweza, wenye miaka 76 kwenda juu hawakuingizwa kabisa, na nyongo ilibidi iwe inapita vizuri maana irinotekani inatolewa na ini, mrija wa nyongo ukiziba dawa inabaki mwilini inakuwa sumu. Ndiyo maana daktari anasema tuweke stenti, kijibomba cha kufungua mrija, kwanza halafu ndugu wanakasirika eti anachelewesha.

Ya pili ni gemsitabini na nab-paklitakseli, 2013, nusu walivuka miezi 8.5. Sasa hapa ndipo watu wanakosea, wanachukua 11 wanatoa 8.5 wanamaliza hesabu, wakati hao ni watu wengine kwenye utafiti mwingine. Mwaka 2023 ndugu yake FOLFIRINOX, anaitwa NALIRIFOX, aliwekwa uso kwa uso na hiyo ya pili, ikawa miezi 11.1 kwa 9.2. Tofauti chini ya miezi miwili. Kuna mtu atasema hiyo miwili naitaka yote, sawa, na kuna mwingine atasema hapana, wote wako sahihi.

Maana hiyo miezi unaishije? FOLFIRINOX unaondoka na pampu ya dawa kiunoni kwa saa 46, kila wiki mbili, unalala nayo, unaenda nayo chooni, na kuhara kupo. Halafu oksaliplatini na baridi! Mzee mmoja katoka kuchomwa, kafika nyumbani kafungua friji kashika chupa ya maji, vidole vikawaka kama kashika waya wa umeme, akapiga funda moja koo likabana akajua anakufa, hakuwa anakufa, ni dawa tu, ila hakuna aliyemwambia na hilo ni kosa letu sisi. Ile nyingine haina pampu, unakuja mara moja kwa wiki, wiki tatu halafu ya nne unapumzika, nywele zinaenda na ganzi ya miguu inaingia taratibu.

Na mwambieni daktari apime jeni za BRCA, yaani vinasaba vya kurithi, wenye hitilafu ni wachache, ila kwao dawa za platini kama oksaliplatini hushika vizuri na uchaguzi unabadilika. Mwili ukiwa hoi, gemsitabini peke yake si aibu. Na dawa za maumivu mnaanza sasa hivi, hamsubiri kemo ishindwe.

Yule dada wa nyuma kainua mkono tangu niliposema pampu, mpeni maiki.